Mahari ya mivule

Saa nne asubuhi, hapa Kabambare: shefu wa kijiji amecheka hadi kofia imeanguka.

Naomie, nilikuja kuomba mbegu za mivule yao. Bila mbegu hizo kitalu chetu cha Kasongo kinafungwa. Nikaeleza kwamba ADN ya majani, yaani vinasaba vyake, inaonyesha makundi mawili: mivule yao na yetu si ndugu.

Si ndugu! Nilisema hivyo mbele ya watu wote.

Mke wa shefu, Mama Régina, akadakia: "Kama haiko ndugu, basi inaweza kuoana. Mahari iko wapi, mukwe?"

Ningekanusha, lakini kweli mivule ina dume na jike.

Nimenunua mbuzi.

Mbuzi amepokelewa. Mbegu ziko kwenye pikipiki. Mama Régina amezifunika kitenge, akisema bibi harusi hapigwi na vumbi.