Kivimbe cha Yaya Odile

Mujukuu wangu Clarisse,

Hapa Likasi tuko wazima. Goti langu linalia kama mlango wa zamani, lakini kinywa, unakijua, hakijapata ugonjwa.

Unauliza kwa nini nawasumbua wanawake wa parokia na habari za vivimbe. Ni sababu ya yaya Odile, dada yangu mkubwa. Miaka ile kazi za mgodi zilipokufa, alipata kivimbe kwenye titi. Kwetu kitu kisicholuma si ugonjwa, basi sote tukasema ni maziwa yaliyoganda.

Alipoenda hospitali, munganga alimwambia ainue mikono. Ngozi ya titi ikazama kama kitovu.

"Mama, ni kansa. Seli hizi zilizaliwa ndani ya mfereji wa maziwa. Mule zilikuwa kama wafungwa wa gereza la Buluo. Sasa zimevunja ukuta, zimeshika ngozi, na kutoka hapo zinapitia kwapani."

"Lakini haiko inaniluma, docteur. Nitarudia siku itaanza kuluma."

"Kuvunja ukuta hakulumi, mama. Ukingoja maumivu, zitakuwa zimefika mbali."

Yaya akajishika kwapani. "Kwapani zimeisha kufika?"

"Kwa mkono, sisikii kitu."

"Basi kata, kabla hazijapanda train!"

Walikata titi lote. Kwenye hadubini ukuta wa mfereji ulikuwa umevunjika kweli, lakini kwapani palikuwa safi.

Ni yeye alikupakata siku ya ubatizo wako, akatuchekesha, akigusa titi lililobaki, kisha upande uliokatwa: "Mutoto huyu ana bahati. Upande huu mto, upande ule meza."

Nakukumbatia kwa nguvu zote zilizobaki,
Kambo yako