Tarehe ya Zambarau

Jumatatu, 7 Oktoba

Prufu za kalenda ya mwakani, zile za kukaguliwa kabla ya kuchapa, zimeshuka leo. Kurasa kumi na mbili, bado zinanuka wino. Bosi kaziweka mezani kwangu, kakohoa kikohozi chake, kasema bibie, kazi ni ile ile ya kila mwaka. Ni kweli. Ni ile ile.

Sanduku la penseli nimelitoa droo ya juu. Kijani ya Waislamu. Buluu ya Wakristo. Machungwa ya Wahindu. Njano ya Wabudha. Kahawia ya Wayahudi. Nyekundu ya serikali. Mimi nazungushia tarehe duara la rangi ya wenyewe, prufu inakwenda kwa Kobe, fundi wa pleti za kuchapia, naye anaitia tarehe rangi hiyo hiyo. Haulizi. Kilichozungushwa kinatiwa rangi — sheria ya nyumba hii tangu enzi za baba yake Bosi. Majina ya sikukuu nayaandika mimi mwenyewe chini ya kila mwezi.

Penseli zote zimebaki vipisi, isipokuwa ya zambarau. Ile bado ndefu kama ilivyotoka dukani. Haina wenyewe.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku nzima simuni. Sheikh wa msikiti mkubwa kanipa tarehe za Idi, halafu kama kila mwaka: usisahau alama ya nyota pembeni, mwezi uonekane kwanza. Karani wa hekalu kanisomea Holi na Diwali mara mbili, polepole, utadhani ananiagiza dukani. Padri wa Waorthodoksi ana furaha tele — mwakani Pasaka yao na ya wenzao zinaangukia siku moja! Nikamwambia hongera. Sijui kama huwa wanapongezwa kwa hilo.

Fundi saa, Myahudi, hapigi simu. Huja mwenyewe na kijidaftari chake, kofia mkononi. Kanikumbusha kwamba sikukuu zao huanza jua likizama, siyo asubuhi. Kila mwaka hunikumbusha, na kila mwaka hatuna pa kuliandika hilo.

Wote wameniuliza hali. Nzuri, nzuri, nzuri, nzuri.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemaliza, nimempa Kobe. Mei sikumbuki hata nilivyoisoma. Ilikuwa mezani, kisha ilikuwa imekwisha.

Wifi kapiga simu jioni. Mama mkwe bado hataki kusikia jina langu. Kosa langu ni lile lile: nilirudi kazini siku ya kumi na tatu. Mjane wa mwanawe alitakiwa akae eda, miezi minne na siku kumi, siyo kukimbilia ofisini kama aliyekwenda likizo. Nikamwambia wifi, mimi wa kanisani, kaka yako wa msikitini, ndoa tulifungia serikalini, eda mimi ningeijulia wapi. Kasema anajua. Kasema, lakini ungekaa tu.

Ningekaa wapi? Viatu vyake viko mlangoni. Kiti chake kiko palepale. Kazini angalau kuna kurasa.

Sijalia hata mara moja. Watu wananitazama wakingoja. Mimi nimekufa ganzi tangu Mei, kuanzia kooni kushuka.

Jumanne, 3 Desemba

Kalenda zimetoka. Nakala elfu nne, mafungu mpaka kwenye ngazi. Kila mwaka nakala ya kwanza aliichukua yeye ampelekee mama yake. Alikuwa anakuja na mkoba wake wa ufundi wa friji, anasimama mlangoni, anamtania Kobe kwamba mwaka utaisha kabla hajakausha wino. Kobe anacheka wa mwisho, kama kawaida yake, watu wameshanyamaza.

Leo nimeikunja mwenyewe, nikaifunga raba, nikampa tarishi aipeleke kwa mama mkwe. Karudi. Nikamuuliza, kapokea? Kapokea. Kasema nini? Kafunga mlango.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nimelala. Jirani kagonga mara mbili, nimenyamaza.

Jumatatu, 13 Januari

Redio — dada wa mapokezi, hajawahi kufunga mdomo tangu aajiriwe — kanyanyua kichwa kauliza tarehe 22 Mei kuna nini. Kuna mama simuni anataka kujua.

Nikatazama ukutani. Mei. Ishirini na mbili, Alhamisi. Zambarau.

Nikasema sijui. Redio kamwambia yule mama wataalamu wanalifuatilia.

Walipokwenda kula nikafungua kabati la prufu. Iko pale. Duara la zambarau, limefungwa vizuri, mkono wangu kabisa. Chini ya ukurasa sikuandika jina lolote. Ishirini na mbili Mei. Tarehe aliyoanguka kwenye jiko la watu, mchana, friji ikiwa wazi mbele yake. Waliniambia ilikuwa bado inaunguruma.

Sikumbuki kuishika penseli ile. Naapa sikumbuki. Prufu nimeiweka chini ya nyingine zote, nikarudi kazini.

Alhamisi, 6 Februari

Simu hazikatiki. Sheikh kauliza kwa upole kama Wahindu wameongeza sikukuu. Karani wa hekalu kauliza kama ni ya Wakristo. Katibu wa askofu yeye kaja juu: hili dhehebu jipya limesajiliwa lini mpaka lipewe rangi? Fundi saa kapita kuuliza jambo moja tu, inaanza jua likizama au asubuhi.

Shule mbili zimeshaiweka kwenye ratiba kuwa mapumziko. Redio kasema watoto wameshangilia.

Jumatatu, 10 Februari

Bosi kawaka. Kaigonga Mei kwa kidole mpaka karatasi ikatoboka. Nyumba hii ina miaka arobaini haijapotosha siku hata moja ya mtu yeyote! Kamwita Kobe. Kobe kasema yeye hutia rangi kilichozungushwa, hazungushi yeye. Bosi kasema basi prufu ya Mei iletwe.

Nikasema naitafuta.

Ndivyo nilivyosema. Uso mkavu. Kobe kanitazama, kaenda kuosha mikono. Bosi kamsimamisha kazi mpaka prufu ionekane. Kaondoka na kikombe chake na redio yake ndogo kwapani, mwendo wake uleule. Ana miaka kumi na tisa pale.

Nilitakiwa kuona haya. Naijua haya ilivyo. Naitafuta, siipati.

Jumatano, 12 Februari

Mashine imesimama siku mbili, hakuna wa kutengeneza pleti. Nimepita kwenye meza ya Kobe. Kaacha miwani yake. Kaikunja juu ya kitambaa, kitambaa nacho kakikunja. Mtu anayefukuzwa anakunja kitambaa!

Hapo kitu kikanichoma. Kidogo, lakini kikanichoma.

Nikaichukua prufu, nikaingia kwa Bosi bila kubisha hodi, nikaiweka mbele yake. Nikasema ni mimi, siyo Kobe. Nikasema mkono uliteleza. Bosi kavaa miwani, kaitazama muda mrefu. Kasema bibie, mkono ukiteleza haufungi duara.

Kauliza tarehe hiyo ina nini. Nikasema haina kitu.

Nilikuwa nimesimama, mdomo wazi kabisa, neno liko tayari — halikutoka. Haina kitu! Nimeikana mwenyewe, mchana kweupe. Bosi katazama kalenda ya mwaka jana, ile iliyobaki nyuma ya mlango wake, ambako huandika nani hakuja kazini na kwa nini. Kaifunua mpaka Mei. Halafu kainama, kakohoa kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Kanituma nikamrudishe Kobe mwenyewe. Nimekwenda. Kobe kafungua mlango akiwa na taulo begani, nikamwomba radhi, nikasema nilikuwa nayo tangu Januari. Kasema alijua. Penseli ya zambarau sanduku zima ni moja, nayo iko kwangu. Kwa nini hukusema? Kasema, shemeji, nilidhani unajua unachofanya.

Alhamisi, 13 Februari

Bosi katoa amri. Hakuna kuchapa karatasi ya marekebisho. Mtu akipiga kuuliza, Redio amjibu kwamba ni siku ya jamii ndogo sana, wenyewe hawapendi kutangazwa.

Redio kaipenda kazi hii. Kaiwekea na sauti yake maalumu, ya chini. Watu wanaridhika! Wanasema aa, sawa, wafikishieni salamu zetu. Mchana kaniuliza lakini kweli ni jamii ya watu wangapi. Nikasema wachache.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Ofisi nusu tupu. Zamani siku hii nilikuwa mimi wa kupiga pasi kanzu yake, na siku ya Krismasi yeye ndiye aliyekuwa akihangaika na taa za rangi, fundi mzima anashindwa na taa za rangi. Tulikuwa na sikukuu mara mbili ya watu wengine. Wenzetu walituonea wivu. Sasa sina hata moja.

Wifi kapiga. Idi njema, Idi njema. Kasema Mama anamshangaza. Kalenda yake imekaa Mei tangu Januari. Wifi kamgeuzia Machi, Mama kairudisha. Kauliza kule kwenu mnajua ile zambarau ni ya nani?

Nikasema ni jamii ndogo. Wenyewe hawapendi kutangazwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka, zote mbili. Nilikwenda mpaka lango la kanisa. Ndani wanaimba. Nimesimama na pochi kama anayengoja mtu, kisha nikarudi.

Jumatano, 21 Mei

Saa kumi Bosi katoka ofisini, kasimama katikati ya mashine. Kesho hatufungui. Redio kauliza kwa nini. Bosi kasema, dada, sisi tunachapa kalenda halafu hatuifuati?

Kobe kapita nyuma yangu akifuta mikono kwa kitambaa chake. Hakusimama. Kasema tu, heri ya kesho, shemeji. Kisha kajikosoa mwenyewe, kasema au siyo heri, sijui huwa inasemwaje kwenu.

Nikasema hata mimi sijui.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeamka kama siku ya kazi. Nimefagia. Nimefuta viatu vyake vumbi, nikavirudisha palepale. Saa nne barabara kimya, wale wa shule ya kona hawapo, wamepumzishwa. Watoto mia sita wako kwao wanacheza kwa sababu yangu, hakuna anayejua. Nikataka kucheka. Hakikutoka kicheko wala kitu kingine.

Saa tano hodi. Nikanyamaza kama kawaida yangu. Hodi tena. Ya tatu ikafuatana na sauti — fungua, nimepanda ngazi na magoti haya.

Mama mkwe.

Peke yake. Buibui, mkoba mkubwa wa sokoni, anatweta. Mwaka mzima, na nyumba yangu hajapata kuikanyaga tangu tuoane. Akavitazama viatu mlangoni. Akavua vyake, akaviweka kando ya vile, akaviweka sawa. Akaingia akakaa kwenye kiti. Kile kile. Nani angemwambia asikae?

Nikamletea maji. Akanywa yote. Sikujua nianze na lipi, nikasema Mama, ile eda. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema hilo lina siku yake.

Kisha akasema aliiona tangu siku tarishi alipoileta. Mwanawe alikuwa akimfunulia kila mwezi, akimsomea, hii ya hawa, hii ya wale. Safari hii kafunua mwenyewe. Kafika Mei. Kasema alikaa chini.

"Nilisema moyoni, huyu kaiandika mbele ya watu wote."

Nikamwambia kweli. Kwamba sikukusudia. Kwamba mkono ndio uliofanya, mimi sikuwepo.

"Basi mkono wako una akili kukuzidi."

Akaniuliza watu wa kanisani siku kama hii hufanya nini. Nikasema huwa wanasoma misa, wengine wanawasha mshumaa. Akasema yeye huwa anamwombea dua kila siku, siku maalumu hana. Hajawahi kuwa nayo. Asubuhi wifi alimuuliza anakwenda wapi na leo ni sikukuu ya watu.

"Nikamwambia ni ya kwetu."

Alivyosema ya kwetu alikuwa akinitazama mimi. Kitu kooni kikasogea. Nilishika meza. Niliogopa kweli — kama mguu uliolaliwa unapoanza kurudi, uchungu wake.

Halafu akasema, kwa sauti ile ya kuuliza chumvi iko wapi:

"Leo mwanangu anatimiza mwaka. Sema na wewe."

Nikafungua mdomo. Nikasema, leo mume wangu. Nikaishia hapo. Akasema haya, inatosha kwa sasa. Akaomba maji ya udhu.

Sasa anaswali chumbani, upande wa kitanda aliokuwa akilala mwanawe. Mimi niko jikoni, naandika kwenye kona ya meza, birika linachemka na siliondoi. Uso wangu umelowa, karatasi nayo. Kabla hajafunga mlango aligeuka, akaniuliza mwakani je. Ile rangi nitaiweka tena, kwa kukusudia, na jina chini yake? Akasema nisimjibu haraka, nimjibu akimaliza.

Namsikia anatoa salamu. Kulia. Kushoto. Sasa anakunja mswala —