Mteremko wa Kohlmahd

Linz, 3 Novemba 2023

Dada Rosina,

Hujambo dada yangu? Magoti yanasemaje? Na ng'ombe, wote wameshuka salama kutoka malisho ya juu? Sisi huku tuko, shemeji yako Helmut anakusalimu, anakoroma vilevile.

Utaniwia radhi kwa mwandiko huu mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Natumia kalamu ya wino mzito kwa sababu nyembamba siioni tena. Jumanne nilikwenda kwa daktari wa macho. Ni ule ugonjwa wa shangazi Kreszenz, dada, ule uliomfanya apapase kuta. Daktari hakunizungusha: ikifika masika nitabaki na mwanga na kivuli, basi. Nililia pale kwenye maegesho ya magari mpaka Helmut naye akaanza, ikabidi mimi nimbembeleze yeye.

Sasa nisikilize. Nataka kuteleza kwenye theluji msimu huu, hata mara moja, lakini iwe vizuri. Helmut kaleta vijitabu vya vituo vyote vya milimani, ananisomea mezani kama padri. Hiki kina lifti sabini, kile kina viti vinavyopasha moto makalio. "Chagua, mama, unachokipenda kuliko vyote." Nimeshindwa. Nikamwambia nitamuuliza Rosina, yeye anateleza kila Jumamosi miaka yote hii.

Nichagulie wewe. Na uje uniongoze. Asiyeona humfuata mtu aliye mbele yake anayempigia kelele: kulia, kushoto, simama. Mimi sauti niliyoizoea mbele yangu tangu utotoni ni yako.

Mdogo wako,
Agathe


Innerlahn, 14 Novemba 2023

Mdogo wangu Agathe,

Mimi sijambo, magoti ni yale yale. Barua yako niliisoma zizini nimesimama, nikapiga teke ndoo, maziwa yote chini. Pole sana, mwanakwetu. Neno lenyewe dogo, lakini sina jingine.

Kuhusu kituo: nendeni kule kwenye barafu, bonde la pili. Ni kupana kama uwanja wa ndege, hakuna mti, hakuna jiwe, na theluji ipo tangu Oktoba. Wana vijana waliosomea kabisa kuwaongoza wasioona, wana vyeti. Mimi cheti changu ni cha kukamua.

Na nikuongoze wapi mimi, na umri huu? Miaka sitini na moja si mchezo. Tena nina ng'ombe wawili wanaokaribia kuzaa. Usinifikirie vibaya.

Hapa kwetu theluji bado haijashika. Veit wa lifti ameshapaka grisi magurudumu yake na anamtukana kila mtu anayemuuliza atafungua lini. Msalimu Helmut, mwambie alale ubavu.

Dada yako,
Rosina


Linz, 6 Desemba 2023

Dada Rosina,

Natumai mzima, na ndama wamezaliwa salama.

Tulikwenda. Helmut aliendesha gari saa nne nzima. Kijana aliyeniongoza mwema sana, kanivisha fulana ya rangi ya chungwa, kaniwekea kipaza sauti ndani ya kofia ngumu. Lakini muziki, dada! Muziki kwenye lifti, muziki mgahawani, muziki chooni. Nilishuka mara tatu bila kuanguka na sikujua niko wapi. Ningeweza kuwa ndani ya duka la viatu. Helmut kanipiga picha nyingi, nimecheka katika zote, halafu njia nzima ya kurudi nikajifanya nimelala.

Ninachokitaka ni Kohlmahd. Mteremko wetu. Usinicheke. Nimesikia habari za lifti sabini, naona moja inanitosha, ile ya Veit, fimbo moja inayovuta watu wawili. Wewe mrefu mimi mfupi, kwako inakaa mapajani, kwangu inanichoma mgongoni, tukifika juu kila mmoja anamlaani mwenzake. Kule hata nikifumba macho najua nilipo. Upande wa kulia kijito kinanong'ona chini ya theluji. Katikati upepo unakata ghafla kwa sababu ya ule msitu mdogo. Harufu ya supu ya madonge ya ini kutoka kibanda cha chini ikianza, ujue zimebaki mita mia. Naupenda mteremko ule kwa sababu unanijua. Sina sababu nyingine ya maana zaidi.

Lakini kabla sijaifuata tena sauti yako lazima nikuulize neno. Februari mwaka 1987, ule ukungu. Wewe mbele, mimi nyuma nafuata sauti, kama tulivyozoea. Nilikuwa na miaka kumi na saba, imebaki wiki moja tu niingie timu ya mkoa. Nilisikia "kushoto". Nikaenda kushoto, nikaukuta ukuta wa mawe wa ghala la nyasi, nyonga ikavunjika, na habari ya timu ikaishia hapo. Wewe ulimwambia baba kwamba ulisema "kulia", nami sikusikiliza. Nikakubali, maana wewe ndiye mkubwa.

Ulisema nini, Rosina?

Mdogo wako,
Agathe


Innerlahn, 22 Desemba 2023

Agathe na Helmut,

Heri ya Krismasi. Nimewatumia biskuti za vanila, nyingine zimevunjika, laumuni posta. Ndama wote wawili ni majike. Theluji imeanguka sentimita arobaini.

Rosina


Linz, 8 Januari 2024

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Biskuti tumekula. Juzi walikuja wale watoto wanaoimba nyumba kwa nyumba wamevaa kama wafalme watatu, wakaandika kwa chaki juu ya mlango. Nilitazama juu nisione chaki wala mlango. Kwa hiyo sasa ni Helmut anayenisomea barua. Ujue tu.

Nilikuuliza kitu.

Agathe


Innerlahn, 21 Januari 2024

Mdogo wangu Agathe,

Nakusalimu. Sitaandika ya afya wala ya ng'ombe. Helmut, nakuomba, soma polepole na usiruke neno, hata lile litakalokuudhi.

Nilisema kushoto.

Nilisimama chini kidogo ya msitu, nikageuka kukutazama kama unakuja. Uso wangu juu kwako, mgongo wangu bondeni. Nikakuona kama kivuli, unaelekea upande wa ghala. Nikanyoosha mkono na kupiga kelele "kushoto!" Ulikuwa mkono wangu wa kushoto, Agathe. Kwako wewe uliyekuwa unashuka ulikuwa wa kulia. Nililijua kosa kabla hujafika ukutani. Lakini neno lilikuwa limeshatoka mdomoni.

Baba aliponiuliza mbele ya gari la wagonjwa, "Ulimwambia nini?", nikajibu, "Nilimwambia kulia." Nilimwogopa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mtu mzima mwenye ndevu zangu kama ningekuwa mwanamume, na nilimwogopa baba kama mtoto. Nikasema kesho nitamweleza. Kesho yake wewe ukasema mbele ya wote, "Kosa ni langu, sikusikiliza." Ukanifungulia mlango nami nikapita.

Na kuna la pili. Tangu siku ile sijavaa mbao za kutelezea kwenye theluji. Hata Jumamosi moja. Yote niliyokuwa nakuandikia kila msimu, sijui leo theluji ilikuwa laini, sijui leo nilishuka mara kumi, nilikuwa namuuliza Veit kisha nakuandikia wewe. Nimekudanganya miaka karibu thelathini na saba kwa kinywa cha Veit.

Baada ya barua yako ya Desemba nilishusha mbao kutoka darini. Veit kanicheka mpaka akashika mlingoti. Halafu akakubali kufungwa macho kwa taulo la jikoni ili nijifunze kumwongoza. Nimemwingiza kwenye uzio mara mbili, na mara moja kwenye kinyesi cha farasi, amenitukania ukoo mzima. Lakini nimejua kosa liko wapi. Anayeongoza hageuki. Hata asiposikia kitu nyuma yake, hageuki, maana akigeuka kulia na kushoto vinabadilishana. Ni vigumu kuliko unavyodhani. Shingo inataka yenyewe.

Nitakuongoza ukitaka. Naona aibu kubwa, Agathe.

Dada yako,
Rosina


Linz, 30 Januari 2024

Rosina,

Helmut amesoma kila neno. Alipomaliza akatoka kwenda kununua mkate na mkate tulikuwa nao.

Nina hasira. Nilidhani ukisema kweli nitapumua, kumbe sivyo. Timu ya mkoa naweza kuisahau, pengine ningeshika mkia. Ila sikiliza hili. Mwaka 2009 baba alipokuwa kitandani siku zake za mwisho nilimshika mkono, nikamwomba radhi kwa kutosikiliza siku ile ya ukungu, kwa gharama na kwa machungu niliyompa. Akanisamehe. Alinipapasa kichwa akanisamehe, Rosina! Amekufa amenisamehe kosa lako. Na wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni umeshika beseni la maji. Ulisikia. Ulisikia ukaenda kumwaga maji.

Siji.

Agathe


Innerlahn, 19 Februari 2024

Agathe,

Natumai barua hii inawakuta wazima. Siandiki kukubembeleza. Nilisikia, ndiyo. Nilimwaga maji nikakaa juu ya ngazi ya ua mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikarudi ndani na kukuuliza kama unataka chai. Huo ndio ukweli wake.

Nilikwenda makaburini kumwambia baba. Nikasimama pale na mshumaa wangu nikajiona mjinga, baba hasikii tena. Wanaosikia ni walio hai. Basi Jumapili moja, kibanda cha supu kimejaa, nikapanda juu ya benchi nikasema yote. Ghala, mkono wangu, uongo wangu kwa baba, Jumamosi zangu za bandia. Mama yake Veit akaacha upawa ndani ya sufuria. Mzee mmoja akasema, "Na sisi miaka yote tukimsema yule binti eti ni mkaidi." Kuna watu hawanisalimii tangu siku hiyo. Ni haki yao.

Lifti itafungwa tarehe 10 Machi, theluji ya chini imeanza kuoza. Mpaka hapo, kila Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa chini ya lifti nimevaa mbao. Usipokuja nitapanda peke yangu kwenye fimbo ya wawili, na nitashuka nikipiga kelele kulia, kushoto, kulia, kama kichaa. Jumamosi iliyopita nimefanya hivyo. Watu walicheka, nikaendelea.

Dada yako, kama bado unanihesabu,
Rosina


Linz, 12 Machi 2024

Dada Rosina,

Nakusalimu, na magoti yako nayasalimia, maana najua leo hayafai hata kwa ngazi. Yangu pia.

Helmut amenikatia kadibodi yenye mianya, kila mwanya mstari mmoja, naandika kwa kupapasa. Mistari ikipandana nisamehe. Amejitolea kuniandikia, nikamkatalia. Haya nataka yatoke mkononi mwangu. Vile vijitabu ameviuza kwa jirani kwa chupa ya bia, anasema kituo nimeshachagua.

Juzi Jumamosi hatukuzungumza. Ulisema "Umekuja", nikasema "Nimekuja", ukanivalisha fulana ya chungwa, tukapanda fimbo ile, na wewe ukainama njia nzima ili isinichome mgongoni. Usifikiri sikuona. Chini tulikunywa supu kati ya watu wote wale, kisha Helmut akanipeleka nyumbani. Kwa hiyo kuna jambo hulijui, na nisipokuambia mimi hakuna atakayekuambia.

Tulipofika usawa wa ghala nilisimama. Ulidhani nimechoka, au nimeogopa. Hapana. Nilisimama makusudi. Niliusikia msitu umekata upepo, nikajua tuko pale pale, nikasimama na nikabana pumzi ili usisikie chochote nyuma yako. Nilitaka kuona kama utageuka. Ulikuwa ukatili, na nilitaka uwe ukatili. Tangu Linz nilikuwa nimepanga: akigeuka, navua mbao, nashuka kwa miguu, na huyu mtu sina habari naye tena.

Ukaita "kulia". Ukasubiri. Ukaita mara ya pili. Halafu ukaita jina langu, mara tatu, na sauti ilikuwa imeshaharibika kwa machozi. Hujui jinsi nilivyotamani kukujibu. Lakini dada, mimi sasa naishi kwa masikio. Mtu akigeuka sauti yake inakupiga usoni. Yako haikunipiga usoni. Ilikuwa inakwenda chini bondeni, mbali nami, inalia na inakwenda bondeni. Ulikuwa hujui kama nimeanguka, hujui kama niko mzima, na shingo yako ile uliyonieleza inataka yenyewe, na hukugeuka. Ukasema taratibu, kama unamsemesha ndama: "Upande wa kulia, Agathe. Niko mbele yako. Sitembei mpaka utembee."

Nikatembea.

Hasira bado ninayo, hasa asubuhi. Ya baba sijui nitayafanya nini, labda sitayafanya kitu. Helmut anasema nisikuambie nimekusamehe kama bado, na bado. Lakini mwulize Veit anafungua lifti tarehe ngapi Desemba, nikate tiketi ya treni mapema. Wewe utatangulia.

Mdogo wako,
Agathe