Mtama wa kuku wangu

Mulongwe, Jumanne, Julai 1964

Bado ninacheka peke yangu. Tangu vita vifunge barabara, pumba hazipatikani, na kiangazi kimemaliza majani. Basi niliotesha mtama kwenye kitunga ili kuku wangu wapate kula.

Kumbe majirani wameona. Leo mzee wa kanisa akaja na uso wa hukumu. “Mama Furaha, mtama wa kuotesha ni wa pombe. Weye utatengwa!”

“Minye sipiki pombe, mzee. Angalia.” Nikamwaga nusu ya mtama uani. Kuku saba wakauvamia! Nikamwonyesha na mayai manne ya leo.

Mzee akaomba bakuli moja la kimea kilichobaki, eti la kuku wake.

Nimempa. Lakini yule mzee hana hata kifaranga.