Sauti ya Kushikia Nafasi

Jumatatu, 3 Juni
Kaseti imekufa! Mahojiano pekee ambamo Baba anaongea — anaongea tu, haimbi — na mpiga ngoma wake alirekodia mazoezi juu yake. Eti bendi nzima ilikuwa na kaseti tatu, walikuwa wakizizungusha. "Nisamehe mwanangu, tulidhani atakuwepo siku zote." Kila mtu anaimba rege za Baba, na mimi bintiye namtengenezea filamu ya maisha yake bila neno moja alilolisema kwa kinywa chake. Stesheni ya televisheni wanaitaka wiki ijayo. Nimelia kwenye ngazi.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata gazeti la zamani lenye mahojiano yale yale, neno kwa neno. Nimempigia Baba Mdogo. Hajakanyaga hapa tangu agombane na Mama siku ya mazishi ya Baba, miaka kumi na moja sasa. Kanisomea kwa simu, nikarekodi. Ni ya kushikia nafasi tu, wahariri wote tunafanya hivyo, ili nipime urefu wa picha. Nikimaliza nitaifuta, maneno yapite kwa maandishi kwenye skrini.
Lakini yeye na Baba wana sauti moja, jamani! Nywele zilinisimama.

Alhamisi, 6 Juni
Mjinga mimi! Mlango niliuacha wazi. Macho ya Mama yalizimika mwaka juzi, ila masikio yake hayapitwi na kitu. Kaja akipapasa ukuta. Spika ilikuwa inasema: "Wimbo wangu wowote, wa kwanza kuusikia ni mke wangu."
Kaketi pale pale sakafuni.
"Ndiye," kasema. "Rudisha."
Nimerudisha. Mara tisa! Ningesema ile mara ya kwanza, yangeisha.

Ijumaa, 7 Juni
Mama kamaliza sahani nzima. Kaoga mapema, kajipaka mafuta, kaja kukaa kando ya kompyuta kama mtu aliyealikwa. Nikaanza: Mama, ile sauti... Akadakia kwamba ile sauti imemrudishia pumzi, Mungu anibariki. Nikamchezea tena.
Njia ya mwongo ni fupi. Yangu naona mwisho wake kabisa.

Jumapili, 9 Juni
Naandika jikoni, nimesimama.
Baba Mdogo yuko sebuleni! Hakutoa taarifa. Kaninong'oneza akiingia kwamba kuyasoma maneno ya kaka yake kulimliza, kaona aje amwombe Mama msamaha kabla hawajafa. Nilimwona dirishani, nikakimbilia mlangoni nimzibe mdomo. Nimechelewa.
"Hodi!"
Mama kageuka. "Nani kaiwasha kompyuta?"
Baba Mdogo kavua kofia, kasogea hadi mbele yake. Masikini, hajui lolote. Kasema taratibu, "Shemeji, ni mimi."
Kikombe kikamtoka Mama mkononi. Hakukitafuta. Uso wake ulikuwa kwangu, moja kwa moja, utadhani ananiona.
"Mwanangu," kaniuliza, "mbona leo ananiita shemeji?"
Nikasema ngoja nilete ufagio, vigae vitakuchoma.
Ufagio ninao kwapani. Sasa Mama anaita huko sebuleni — haniiti mimi. Anamwita Baba, kwa jina alilokuwa akimwita walipokuwa wawili tu.
Na Baba Mdogo anakohoa, anasafisha koo ili aitike.