Nilimwacha Shangazi Akiongea na Kiti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu: mara nyingi nimemwacha shangazi yangu, ambaye haoni, akiongea na kiti kitupu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, naona haya hata kuagiza mkate dukani, basi nikichoka na maongezi hunyata na kitabu changu, naye huendelea kunisimulia habari za saluni yake ya zamani mpaka mama apite amwambie, "Wifi, hapo hapana mtu," na watu wacheke, naye acheke, lakini juzi hakucheka, alimwambia baba, "Kaka, Jumamosi nirudishe kwangu, kule nikiongea peke yangu najua niko peke yangu." Jioni hiyohiyo, kwenye tamthilia tunayoifuatilia, kijana aliingia kwa jirani asiyeona akasema, "Ni mimi, nakaa kushoto kwako," na alipotoka akaaga, nami nikatamani ardhi inimeze, nataka kuiga, lakini kaka yangu atasema naigiza.

Kivuli, ndivyo wanavyoniita nyumbani

*

Mwanangu Kivuli, pole, ila pole yangu ina mipaka. Kuona haya si kosa. Kunyata ukamwacha mtu mzima achekwe, hilo ni kosa, na hao wacheshi wa nyumbani kwenu wasome hapa pia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe umefunzwa na runinga, si haba, mradi umefunzika. Kaka yako akisema unaigiza, mwache. Sote tuliigiza "shikamoo" kabla hatujaielewa. Leo hii ukiingia jitaje, ukitoka aga. Omba radhi bila hotuba. Tamthilia ikianza kaa karibu naye, na pale waigizaji wasiposema kitu, sema wewe wanachofanya.

*

Mshauri, niliingia sebuleni nikasema, "Shikamoo shangazi, ni mimi, nakaa kulia kwako."

"Marahaba. Leo umeamua kuwa na mdomo? Siku zote nakujua kwa mlio wa kurasa zako tu."

Nikamwomba radhi. Tamthilia ilipoanza nikamnong'oneza: mwanamke anavua pete, anaitazama, anaivaa tena.

"Ongeza sauti," kaka akasema. Mama akachukua rimoti. "Si runinga, mama. Huyu."

Jumamosi baba alimwuliza shangazi kama mizigo iko tayari. "Mizigo gani?" akajibu. "Sijajua kama yule mwanamke ataivua tena ile pete."

Jioni nikamsimulia sehemu iliyofuata. Ilipokwisha nikasema, "Shangazi, sasa naondoka," nikasubiri aitikie, ndipo nikaondoka.