Mama Mkwe Anaamini Ncha Hii Ni Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisome ukiwa umekaa, maana nimejifunga kamba kwa mikono yangu mwenyewe na sasa namtafuta wa kunifungua. Mimi ni mke wa mtu, ni mama, na nafanya kazi katika karakana inayobuni vifaa vya hospitali, ambako miaka yote nimehangaika na kitu kisichofika hata ukubwa wa harage, nacho ni ncha ya katheta, yaani ule mrija mwembamba ambao daktari huupitisha kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, kisha elektrodi, kichuma kilicho pale mwishoni, inapitisha umeme na kuchoma kidogo tu mahali panapoupotosha moyo mapigo yake. Ncha za zamani ni ngumu kama kichwa cha msumari, na moyo haukai ukakusubiri, unarukaruka, kwa hiyo ncha inagusa upande mmoja na kuukosa mwingine, na daktari akikandamiza sana anaweza kutoboa, ndiyo maana sisi tukataka ncha laini, yenye mipasuo myembamba iliyokatwa kwa leza, inayopinda na kulala juu ya ukuta wa moyo kama kiganja juu ya shavu, huku maji ya chumvi yakitoka kwenye mipasuo hiyo hiyo na kuipoza, damu isigande.

Sasa, mshauri, mimi nilibuni mipasuo inayozunguka kama skrubu na nikaipenda kama mtoto, lakini tulipoiweka kwenye mashine ya kuipinda na kuinyoosha, kuipinda na kuinyoosha, ikapata ufa, na nikauona mimi mwenyewe kwa hadubini, nikamwita mkuu wa karakana nikamwonyesha, nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso nikarudi. Mwenzangu mmoja tunayemwita Kimya, kwa sababu anaweza kumaliza wiki bila kukuambia zaidi ya "ndiyo", akabuni ya kwake yenye mipasuo ya mawimbi, na kila mpasuo unaishia kwenye kitundu cha mviringo ili ufa usipate pa kuanzia, na hiyo ndiyo iliyopita vipimo vyote na ndiyo inayotumika hospitalini leo.

Nyumbani nilisema "ncha yetu imepita", mume wangu akasikia "ncha yangu", akapiga simu ukoo mzima, nami sikumkatiza kwa kuwa, mshauri wangu, ilikuwa tamu.

Kumbe utamu una mwiba. Mama mkwe wangu ni mwalimu wa michezo mstaafu, mwanamke wa kupiga filimbi na watu wazima wakasimama, lakini moyo wake siku hizi unatoka mbio bila kuulizwa, anaweza kuwa amekaa anamenya viazi mara kisu kinamponyoka, na tayari ameshaanguka bafuni. Daktari alipomshauri achomwe akafoka, "Moyo wangu si mahindi!" na akagoma kabisa, mpaka wifi yangu alipomwambia kwamba ncha yenyewe imetengenezwa na mkwe wake, hapo akabadilika kama si yeye. "Kama ni mikono ya mkwe wangu, waniingize hata kesho!" Amekubali, anaingia wodini Alhamisi, na kila akiniona ananishika vidole na kuvitazama. Nikisema ukweli atagoma na moyo utamuua, nikinyamaza nitaona aibu maisha yangu yote. Nifanye nini?

Mimi, Mkwe Niliyejikaanga

JIBU

Binti yangu, barua yako ilinifikia Jumatatu, mgonjwa anaingia Alhamisi, na gazeti hili linatoka Jumamosi. Nikaona ushauri utakuja kufika baada ya mazishi au baada ya shangwe, nikakupigia simu. Kwa ruhusa yako, nawasimulia wasomaji tuliyoambiana, na yaliyofuata kama ulivyonieleza.

Pole kwanza. Kuona kazi ya mikono yako ikipasuka ni msiba mdogo, na hukupata wa kukufariji. Lakini nilikugombeza, na narudia: mama wa watu anafungua moyo wake, si kwa maneno, kwa mrija! Ruhusa yake ameitoa kwa sababu ya mtu ambaye hayupo. Ukinyamaza, hujamwokoa, umemteka. Na nani kakuambia kwamba atagoma? Umemjibia swali ambalo hujamuuliza.

Nikakuambia nenda mchana huu huu, peke yako, usimtume mumeo. Usianze na "unajua, mama". Sema, kisha funga mdomo.

Ukaenda. Ulimkuta anakunja nguo za kupeleka hospitali, ukamwambia yote ukiwa bado umesimama mlangoni. Yeye akaendelea kukunja.

"Hiyo yako ilipasukia ndani ya mtu?"

"Hapana, mama. Kwenye mashine."

"Aliyeuona ufa ni nani?"

"Mimi."

"Ungeweza kunyamaza?"

"Ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Ningeweza."

Hapo akaiweka nguo chini. "Kumbe mbele ya mashine unajua kusema ukweli, mbele yangu ndiyo ulimi unakatika! Mimi ni wa kutisha kuliko mashine?"

Ukasema ndiyo. Ulifanya vizuri kusema ndiyo, maana alicheka mpaka ukaogopa moyo utaanza mbio zake.

Lakini hakukubali papo hapo, na hilo ndilo nililolipenda. Alitaka kumwona Kimya. Ukamleta kesho yake, amevaa shati la harusini, na mama mkwe akamkalisha mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Usinisifie ncha yako. Niambie ubaya wake."

Unasema hujawahi kumsikia Kimya akiongea vile. Alimwambia kwamba hata ncha laini inaweza kuumiza, kwamba moyo wakati mwingine hurudia ukaidi na mtu akachomwa tena, na kwamba mengine amuulize daktari, si yeye. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa ndiyo nakwenda," akaenda kumuuliza daktari maswali mpaka daktari akaomba kiti.

Alhamisi mlikaa kwenye benchi la korido, wewe na Kimya. Daktari akatoka, akavua kofia, akasema moyo umeshika mwendo. Kimya akasema, "Ndiyo." Wewe ukalia, safari hii hadharani.

Mama yuko nyumbani sasa, anatembea taratibu na anaamrisha kwa kasi. Na wewe kazi yako haijaisha. Kesho mkikaa mezani, simama, umwambie mumeo mbele ya ukoo wote ncha ni ya nani, na umwambie pia kwamba ufa uliuona wewe, maana hilo ni lako na hakuna wa kukunyang'anya. Asipoelewa, usigombane naye. Mwachie mama yake. Moyo wa kugombana anao sasa.